Jina kutoka Upande Wangu

Tinde, Jumapili, 3 Juni 1934

Daftari hili nililinunua la kuandikia vikapu vya pamba, lakini naanza na jambo jingine kwa sababu halijanitoka kifuani tangu jana.

Limi, binti yangu, amerudi kujifungulia kwangu. Mimba ya miezi saba. Alisindikizwa na mama mkwe wake, Mageni, aliyekaa kwenye kigoda changu kama aliyekalia moto, akatoa ujumbe aliotumwa na ukoo wao.

"Mkwe, watoto wawili wa kwanza tuliwaita majina ya kwetu. Wote tumezika. Mfumu amepiga ramli, kasema anayetaka kurudi safari hii ni mtu wa upande wa mama. Basi tutajie jina. Moja tu."

"Nitatafuta."

"Utatafuta wapi, Mama Limi?"

Hakuuliza kwa kebehi. Afadhali angeuliza kwa kebehi.

Tinde nzima inajua nilivyofika. Kwenye kitabu cha misheni nina mstari mmoja: msichana, miaka mitano kwa kuangalia meno, amekombolewa msafarani kwa doti mbili na jembe moja, mwaka 1893. Padri akanibatiza Apolonia, mtakatifu wa wanaoumwa meno. Basi. Lugha niliyokuja nayo ilinitoka, na aliyenizaa alitoka nayo. Nimefyeka ekari sita kwa mikono hii, nimeezeka bati, hakuna ndugu aliyenishikia hata kamba. Lakini Msukuma akikuamkia hatosheki na habari za asubuhi. Anataka ujitaje wewe ni wa nani. Nikisema "wa misheni", anatazama chini, anahamia habari za ng'ombe.

Jumanne, 5 Juni

Wachambuaji saba, vikapu saba. Asubuhi baridi, mchana vumbi.

Jumatano, 6 Juni

Saba. Scolastika peke yake angejaza viwili kama mikono yake ingekimbia kama mdomo.

Alhamisi, 7 Juni

Amekuja Bi Chausiku kuomba kazi. Mumewe, Shaaban, alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu mwaka juzi. Tangu hapo si yeye si salamu. Mama yake Chausiku alitembea na misafara ya Tabora, ndiyo maana Kiswahili chake kinateleza. Mikono ndiyo mizito. Kuchambua ni kazi ya macho na vidole: pamba safi kulia, na fifi, ile yenye madoa, kushoto. Yeye alikaa na tonge moja la pamba kama analisomea dua. Nikamwambia sidhani utamaliza wiki.

"Inshallah nitamaliza msimu," akajibu.

Sasa ni wanane. Vikapu bado saba.

Jumatatu, 11 Juni

Vikapu kumi na kimoja! Nimehesabu mara mbili.

Sababu ni hadithi. Chausiku aliianza baada ya uji, hakuna aliyemwomba. Kulikuwa na msichana, Holo, binti wa Ngassa mwenye ng'ombe mia tatu. Akapita kijana wa Buzinza, Mabula, mfua majembe, mweusi wa makaa mwili mzima, msichana akaona macho tu. Yakatosha. Ngassa akataka mahari ya majembe mia mbili, na kijana ayabebe kwa kichwa chake mwenyewe, asisaidiwe na mtu.

"Ilimchukua muda gani?" nikauliza.

"Miaka tisa."

"Na Holo je?" akauliza Scolastika.

"Alisubiri. Kila aliyekuja kuposa alimpa maziwa akamwambia, kunywa, baba, kisha uende salama."

Scolastika akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tangu nimfahamu. Vidole vyao vilikwenda kama vya watu walioona wingu la mvua. Mimi nikapiga hesabu: majembe ishirini kwa mzigo, siku saba kwenda na saba kurudi, mizigo kumi. Siku mia moja na arobaini. Nikawaambia miezi mitano ingemtosha huyo Mabula, hiyo miaka tisa alikuwa anafanya nini? Wakanitazama kama nimetemea mate chungu cha maharage.

Ijumaa, 15 Juni

Kumi na viwili. Holo ameolewa. Harusi imekula siku mbili za kazi na wote wamelia. Mimi macho yangu yalikuwa na vumbi.

Jumatano, 20 Juni

Jambo dogo, ila naliandika. Saa saba mchana nilitoka jikoni na sufuria ya viazi, nikahesabu vichwa ili nigawe. Tisa. Nikaweka sufuria chini, nikahesabu tena. Wanane.

Mimi sikosei hesabu iliyo chini ya kumi.

Ijumaa, 22 Juni

Holo alikaa miaka kumi na miwili bila mtoto, ndipo akazaa binti, na baada ya minne wa pili. Kisha Mabula akafuata msafara wa pembe, akapotea miaka kumi na mmoja. Aliporudi, Holo alifunga mlango. Miaka saba mwanamume alilala nje kizingitini, na chakula alipitishiwa chini ya mlango.

Uani pakawaka moto. Nusu wanasema amfungulie, nusu wanasema akome.

"Mwanamume wa kukaa mlangoni miaka saba!" Scolastika akapiga kelele. "Wa kwangu hakai hata uji upoe!"

"Ndiyo maana hii inaitwa hadithi," nikasema.

"Mama Limi, nyamaza, tafadhali. Wewe si unayo nyumba ya bati? Sisi tuachie hii."

Limi alicheka mpaka akashika tumbo. Sijamwona akicheka tangu azike wa pili.

Jumanne, 26 Juni

Leo sitaandika vikapu kwanza.

Chausiku aliendelea. Mlango ulifunguliwa, akapatikana binti wa tatu, kitinda mimba. Alipofika miaka mitano ikaja sotoka. Ng'ombe mia tatu wa Ngassa wakafa kwa siku kumi na moja, harufu ikafika Buzinza. Mabula akafa kwa njaa akiwa ameshika nyundo. Binti wakubwa walikuwa wameolewa mbali. Holo akamshika mdogo mkono, wakaanza kutembea kwenda Nkome ziwani, maana kwenye samaki hakuna njaa. Njiani mtoto alichoka. Holo akamkalisha juu ya jiwe, akashuka bondeni kuteka maji. Aliporudi, jiwe lilikuwa bado na joto la mtoto. Msafara ulikuwa umepita.

"Akaanza kuuliza watu," Chausiku akasema. "Kila aliyekutana naye. Mmemwona mwanangu? Meno yake ya mbele yana mwanya."

Pamba ilinimwagika, safi na fifi zikachanganyika, kazi ya asubuhi nzima. Hakuna aliyenisaidia kuiokota. Scolastika alikuwa ananitazama mdomoni. Limi alikuwa anamtazama Chausiku. Chausiku hakumtazama mtu.

Mwanya ninao. Wanao watu wengi.

Vikapu tisa.

Jumatano, 27 Juni

Tisa mchana. Sizungumzii vikapu. Kati ya Chausiku na ukuta alikaa mtu amejitanda kaniki, miguu ameinyoosha kama aliyetoka mbali. Sikuhesabu mara ya pili. Niligawa bakuli tisa. Jioni bakuli zote zilikuwa tupu, lakini mbwa nao wapo.

Ijumaa, 29 Juni

Nimewaambia mbele ya wote. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi.

"Holo alimpenda Mabula akiwa na miaka kumi na minane, Bi Chausiku ndivyo ulivyosema. Kusubiri majembe, tisa. Utasa, kumi na miwili. Kati ya binti wa kwanza na wa pili, minne. Mume msafarani, kumi na mmoja. Mlango, saba. Kitinda mimba amezaliwa mama ana miaka sitini na mmoja. Sitini na mmoja! Hata Mungu angemwomba radhi."

Nilidhani watacheka. Scolastika alisimama, pamba imemganda kwenye nywele.

"Nani kakuomba hesabu?"

"Nasema tu kwamba mtu huyo hakuwepo."

"Tangu lini mtu akawepo kwa sababu umemjumlisha? Wewe mwenyewe umri wako ulihesabiwa mdomoni kama wa punda, na upo!"

Alijua amevuka mpaka. Nilitaka kumfukuza, nikakumbuka pamba iliyobaki, nikaingia ndani.

Jumatatu, 2 Julai

Limi kaniambia tukipika: "Mama, mtoto nitamwita Holo."

"Holo ni wa hadithi."

"Sawa. Wewe una nani?"

Nilikoroga ugali mpaka ukawa mgumu kama tofali.

Jumanne, 3 Julai

Nimekwenda kwa Chausiku. Chumba kimoja, mkeka, buli, na viatu vya mwanamume mlangoni, vimepanguswa vumbi. Nilimuuliza kavukavu: hadithi hii ni ya kweli?

"Ngassa na ng'ombe zake nilisikia kwa mama yangu. Majembe niliyaongeza. Mlango ni wa jirani yetu Tabora, ila yeye alifunga wiki mbili."

"Na mtoto wa jiwe?"

Alijaza kikombe mpaka chai ikafurika kwenye kisahani.

"Huyo nilimtunga hapo hapo uani. Nilikuwa nimekusudia binti watatu waolewe kwa wafalme. Nikakuona, Mama Limi. Kila nikimtaja mama na mwana, mikono yako ilisimama. Ya wenzako ilikimbia, ya kwako ikasimama. Nikasema moyoni, huyu naye apate pake pa kukaa."

"Nani alikuambia nahitaji pa kukaa? Umeuchezea mwili wangu kama karata."

"Nimekukosea, dada. Unisamehe. Lakini nikikuambia si kweli yote, nitakuwa nimesema uongo pia. Na mimi huwa namwona."

Sikuuliza nani. Chai sikunywa. Nimerudi nikiwa na hasira mpaka visigino, maana nilikwenda pale nikitaka aniambie ndiyo.

Jumamosi, 7 Julai

Kumi na viwili. Holo yuko Uyui, anauliza.

Alhamisi, 12 Julai

Kumi na vitatu. Holo yuko Ushirombo, amefika siku moja baada ya msafara kupita. Wanawake wanapiga ngumi magunia. Siku moja tu!

Jumanne, 17 Julai

Kimbunga cha vumbi kiliingia uani saa saba mchana. Pamba ya kila mtu iliruka. Ya pale ukutani, ambapo hakuna mtu, haikutikisika hata uzi mmoja. Scolastika aliona pia. Alifanya ishara ya msalaba, akasogeza kikapu chake mbali kidogo, kama unavyompisha mgeni.

Jumatatu, 23 Julai

Nasikia nyundo. Si usiku, mchana kweupe, mbali, upande wa magharibi. Nimemuuliza Limi, kasema ni fundi wa baiskeli. Fundi wa baiskeli anaumwa tangu Ijumaa.

Jumapili, 29 Julai

Limi amejifungua msichana alfajiri. Mzima, vidole ishirini.

Jumanne, 31 Julai

Mtoto hanyonyi. Siku mbili na nusu analia, hashiki ziwa, tunamdondoshea maji kwa kitambaa. Wale wawili walianza hivi hivi. Limi amegeukia ukuta, na mimi naujua mgongo ule.

Saa nne wamefika Mageni na mwanawe Maduhu, mume wa Limi. Maduhu alisimama mlangoni akishika kofia kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Mageni alimpokea mtoto, akaanza kumwita majina sikioni, moja moja, kama inavyofanywa: mtoto akinyamaza kwenye jina, mwenye jina ndiye aliyerudi. Alimaliza bibi zao wote. Alijaribu hata shangazi aliyekufa na ugomvi. Sauti ya mtoto ilikuwa inapungua, lakini hakuwa anatulia. Alikuwa anachoka.

Mageni akaniinulia macho. "Mkwe."

Naandika hapa kwa sababu padri sitamwambia. Nilikuwa najua. Mimi ndiye niliyekaa na karatasi nikawathibitishia watu wanane kwamba mama yule hakuwepo. Nilikuwa najua majembe yalikotoka, najua mlango ulikotoka. Na nilikuwa na mjukuu mwenye sauti ndogo kuliko ya kifaranga.

"Holo," nikasema.

Mageni akaniwekea mtoto mikononi. "Mwite mwenyewe. Holo wa nani?"

"Holo binti Ngassa, mwenye ng'ombe mia tatu. Mke wa Mabula, mfua majembe wa Buzinza. Mama yangu."

Kisha mdomo haukufunga. Niliwasimulia yote, nikinyoosha hesabu njiani. Majembe alisubiri miaka minne. Utasa ulikuwa sita. Kati ya binti wawili, minne. Msafarani, tisa. Mlango alifunga miezi saba, na miezi saba ni mingi kwa anayelala nje. Akanizaa ana miaka arobaini na mmoja na kitu, tuseme arobaini na miwili. Nikawaambia alinishika mkono upande wa kushoto kwa kuwa kulia alibeba mtungi. Hilo la mtungi Chausiku hakulisema kamwe. Sijui nimelitoa wapi. Nikawaambia jiwe lilikuwa na joto la jua kabla halijawa na joto langu.

Maduhu alikuwa amekaa chini bila kujua. Limi alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

"Umejua haya tangu lini?" Mageni akauliza.

"Msimu huu."

Limi akaomba mtoto. Mtoto akalishika ziwa.

Naandika pia kwamba Limi alikandwa kwa maji ya moto tangu alfajiri, na maziwa yalikuwa yameanza kushuka. Kila mtu ana haki ya kujua hilo. Sikulisema kwa sauti.

Mageni alinishika mkono, mara ya kwanza katika miaka minne ya ukwe. "Mayo," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma. "Jumamosi tutamwagia maji ya unga wa mtama, tumshukuru. Inabidi tuelekee alikolala. Alikufa lini, mkwe? Amelala wapi?"

Nikasema nitamwambia Jumamosi.

Jumatano, 1 Agosti

Mtoto ananyonya. Mchana nilihesabu uani. Wanane. Nimehesabu mara nne, nikasogea mpaka ukutani. Wanane tu.

Alhamisi, 2 Agosti

Nilimvuta Chausiku nyuma ya ghala.

"Holo alikufa wapi?"

"Hajafa. Yuko njiani."

"Lazima awe amekufa. Aliye hai hawezi kurudi kwa mtoto. Mageni akigundua, jina linavunjika, na jina likivunjika unajua kitakachofuata. Mtafutie kaburi."

Alitikisa kichwa.

"Siwezi, Mama Limi. Nimtafutie lingine lolote. Nimpe ugonjwa, nimpe upofu. Mimi kila jioni nikifika kwangu napangusa vile viatu. Nikimwambia Holo aache kutafuta, nitafika nyumbani nifanye nini?"

Mwezi Juni ningemjibu kwamba miaka miwili bila salamu ni hesabu rahisi. Leo nilimwondolea pamba iliyokuwa imemganda begani.

"Basi nani amzike?" nikauliza.

"Ni mama yako," akasema. "Mimi sasa siwezi tena kumtia maneno mdomoni. Tangu Jumanne si wangu."

Ijumaa, 3 Agosti

Walipomaliza uji walimgeukia Chausiku. Chausiku akanigeukia mimi.

Sijawahi kusimulia kitu kisichokuwa na jumla mwishoni. Nikaanza vibaya. Scolastika akasema, "Inua sauti, mayo, hatukuli." Nikainua.

Nikasema Holo aliacha kufuata misafara pale misafara yenyewe ilipokwisha. Akaenda Nkome, kule alikokuwa anampeleka mtoto, akakaa akianika samaki za watu, maana alijua mtoto akikua atakumbuka walikuwa wanakwenda wapi. Nikasema, hakukumbuka. Mtoto alifundishwa sala na kusoma, akapata shamba, akawa na mambo mengi. Kutoka Tinde mpaka Nkome ni mwendo wa siku nane au tisa, na mtoto alikuwa na miguu mizima. Hakwenda.

"Usijipige, mayo," Scolastika akasema polepole.

Ikaja homa kubwa baada ya vita, mwaka 1918, ile iliyomchukua baba yake Limi. Ikampata Holo ana miaka sabini na miwili. Wanawake waanika samaki walimlaza juu ya mkeka, wakamlowesha midomo. Siku ya pili aliita jina la mwanawe, akafa. Wakamzika juu kidogo ya ufuko, miguu imeelekea ziwani.

"Jina gani?" Limi akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. "Alikuita jina gani, mama?"

Wote walisubiri. Ningeweza kusema lolote. Majina yapo mengi mazuri, na lolote ambalo ningelitaja wangelibeba leo hii mpaka sokoni.

"Silijui," nikasema.

Hakuna aliyerudi kwenye pamba. Chausiku alijifunika upande wa khanga usoni. Vikapu vitatu.

Jumamosi, 4 Agosti

Tulimwaga maji ya unga kwa kuelekea kaskazini magharibi. Mageni alisema maneno, mimi nikayafuata. Nikamtaja Holo binti Ngassa. Ulimi haukugoma. Mtoto alilala muda wote.

Mageni na Maduhu walipoondoka nilichukua jembe nikapalilie viazi. Nikasikia watu njiani. Walikuwa wanawake wa uani, wote wanane, wanakuja wamepanga mstari. Mmoja ana kuni kichwani, mwingine unga, Scolastika ana kuku ameshikwa miguu. Chausiku nyuma yao, amebeba mkeka wake mwenyewe. Sikuwa nimemwita mtu. Nilifungua mdomo niwaambie leo hakuna kazi.

"Pole kwa msiba, Mama Limi," Scolastika akasema.

"Pole, dada," Chausiku akasema.

Nilitaka kuwaambia ni miaka kumi na sita sasa, na kwamba wao wenyewe wanajua. Jembe likanianguka. Nilikaa chini pale pale kwenye matuta ya viazi, na sauti iliyonitoka sikuijua; ilikuwa ya mtoto mdogo sana. Walinizunguka. Mtu alinifungua kitambaa cha kichwa. Mtu alinishika mkono wa kushoto.

Nilipoweza kusikia, Scolastika alikuwa ananong'ona sikioni kwangu, kwa adabu nisiyomzoea: "Tulale hapa siku ngapi, mayo?"

Nikasema tatu, kama mtu yeyote aliyefiwa na mama.